Chumvi ya Kupimia Damu

Kila asubuhi nikikoroga uji, mwanangu Jenipher hunivuta kanga. Siku ile hakuja. Alikaa mkekani analia, vidole vimevimba kama vimeumwa na nyuki. Ana mwaka mmoja na nusu.

Nikambeba hadi zahanati ya mtu binafsi hapa Kilwa. Mpimaji, Optatus, akamtoa damu.

"Nampima seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi," akasema. "Ila chumvi ya kipimo imeniishia. Nitatumia yetu ya bahari, ya mashamba ya chumvi ya hapa. Chumvi ni chumvi, dada."

Nami mjinga nikacheka. "Tena yetu ndiyo kali."

Majibu yakatoka: hana seli mundu.

"Huyu anadeka tu," akasema Optatus.

Wiki tatu mtoto alilia kwa maumivu. Mama mkwe akanisema, "Hujui kubeba mtoto, Stefania. Unamvunja mikono."

Nikaenda Lindi, hospitali. Bertha wa maabara akaniuliza alipimwaje. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Nani kakwambia chumvi zote sawa?"

"Si ndiyo hiyo tunatia kwenye mchuzi?"

"Mchuzi hautafuti ugonjwa, mama. Tazama hapa."

Akanionyesha mrija uliojaa punje ndogo kama uwele.

"Damu ina protini za aina kadhaa. Punje hizi zinazishika, nyingine sana, nyingine kidogo. Tukipitisha maji ya chumvi, chumvi inachukua nafasi, protini inaachia. Iliyoshikwa kidogo inatoka mwanzo, iliyoshikwa sana inatoka mwisho. Tunaijua ya ugonjwa kwa zamu yake."

"Na chumvi yetu ina kosa gani?"

"Ya bahari imechanganyika na madini mengine, kama magnesi. Magnesi ina nguvu ya kung'oa kuliko chumvi safi. Protini zikatoka zote kwa mpigo, zamu ikapotea. Mwenzangu wa Kilwa hakuona kitu, akaandika mzima."

Akapima upya kwa chumvi safi iliyopimwa kwa mizani. Jenipher ana seli mundu.

Nilirudi Kilwa na hasira yangu nzima.

"Optatus, mwanangu hadeki. Anaumwa."

"Dada, vifaa viliisha, ningefanyaje?"

"Ungesema vimeisha. Ningekwenda Lindi siku ile ile."

Mimi sikunyamaza hata kidogo, na wagonjwa kwenye benchi walisikia yote.

Sasa Jenipher anakunywa dawa zake kila siku, na maji mengi. Kila mwezi tunakwenda kliniki. Vidole havijavimba tena, na ameanza kukimbiza kuku. Mama mkwe sasa ndiye anayemkumbusha dawa.

Wewe mama unayesoma, uliza kabla mtoto hajachomwa sindano: "Vifaa vya kipimo hiki vipo vyote?" Mpimaji akijibu kwa kuzungukazunguka, mbebe mwanao uondoke. Na dalili zikiendelea, rudia kipimo, hata wakikuita mkorofi.

Mlangoni kwa Optatus siku hizi kuna karatasi: "Kipimo cha seli mundu hakuna. Nenda Lindi." Maneno saba. Mwanangu aliumia wiki tatu kwa kukosa maneno saba.