Kompyuta Bubu ya Vernon

Haya yalimpata rafiki yangu Leif, hapa mjini Duluth, Marekani. Jirani yake Marlys alikuwa amzike mumewe Vernon kesho yake, na picha zote za marehemu zilikuwa kwenye kompyuta yake, katika chumba cha chini ya nyumba, basi Leif akashuka ngazi kwenda kuzitoa. Vernon alikuwa ameupunguza mno mfumo endeshi, ile programu kuu ya kompyuta, akaondoa hata sehemu ya sauti, ikawa haiwezi kutoa mlio wowote. Sasa programu ya picha ilijifunga kila ilipofunguliwa.

"Umefika wapi, fundi wa kubahatisha?" Marlys aliita kutoka jikoni.

"Nivumilie, jirani!"

Programu ikajifunga tena. Skrini ikazimika, chumba kikawa giza. Ndani ya kompyuta ile bubu, mtu akakohoa.

Juu, vyombo vikaacha kugongana.

"Leif," Marlys akasema kwa sauti ndogo, "hicho kikohozi ni cha Vernon."

Kikohozi cha pili kilitokea kwenye ngazi.