Famau, Waziri na Jua la Mchana

Kila asubuhi Famau humpa punda wake, Waziri, ndoo ya maji. "Mnyama hawezi kusema ana kiu," huwaambia watu wa Pate. Yeye mwenyewe aweza kusema, lakini hasemi.

Wiki ile alikuwa na haraka. Binti yake, Huwaida, angeolewa Ijumaa, na chumba cha maarusi hakikuwa na sakafu. Famau alisomba mchanga tangu asubuhi amevaa koti zito, ili baba wa biarusi asifananishwe na kibarua.

Mchana Waziri aliingia kivulini akagoma.

"Twende, Waziri."

Waziri alitikisa sikio.

"Basi nitabeba mwenyewe."

Alijitwika gunia. Hakufika mbali. Misuli ya miguu ilikaza, kichwa kikamgonga, ukuta ukaanza kucheza. Aliketi chini, jasho likimtiririka.

Mkewe, Mwanamkisi, alikuja na blanketi na chetezo cha ubani. "Ni kijicho. Watu wamekiona chumba."

Akamfunika gubigubi. Ndani ya moshi, Famau alijiona kama mkate wa mofa tanurini.

Jirani yao Bi Fahima, mhudumu wa afya ya jamii, alipiga hodi. "Bi Mwanamkisi, wamtibu au wamwoka?"

"Namwondolea kijicho."

"Dua mwombee. Blanketi mwondolee. Huyu amezidiwa na joto."

Walimlaza kivulini, kando ya Waziri. Wakamvua koti, wakampangusa shingo na kwapa kwa kitambaa cha maji, wakampepea. Bi Fahima alimpa maji, funda kwa funda.

"Kahawa hakuna?" aliuliza Famau.

"Maji, Bwana Famau. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma na misuli kukaza ni dalili za joto. Pumzika kivulini, unywe maji. Usipopata nafuu upesi, twende hospitali."

Kisha akamgeukia Mwanamkisi. "Lakini mwili ukiwaka moto, akazimia au akapayuka, hiyo ni hatari. Mmwagie maji, mumkimbize hospitali. Akipoteza fahamu, usimtie kitu kinywani."

"Huyu hupayuka kila siku. Nitajuaje?"

"Akikuita Waziri."

Famau hakucheka. "Ningezimia, nani angemwozesha Huwaida?"

Mwanamkisi alimsogezea maji.

Tangu kesho yake Famau alianza kazi baada ya sala ya alfajiri, kwa shati jepesi na kofia pana ya ukili. Alikunywa maji kabla ya kusikia kiu. Waziri alipotafuta kivuli, Famau alimfuata, na kazi ikaendelea jua lilipopungua. Kila mchana Mwanamkisi alimuuliza, "Mimi nani?"

"Mwanamkisi."

"Na yule?"

"Waziri. Niache ninywe."

Sakafu ilikwisha Alhamisi.

Ijumaa, msikitini, Famau aliketi mbele ya bwana harusi akiwa na joho, na chini ya joho chupa ya maji. Shehe aliuliza kama yuko tayari. Famau alikunywa kwanza, ndipo akaanza kutamka maneno ya kumwozesha binti yake.

Nyumbani, Mwanamkisi na Bi Fahima walisikiliza kipaza sauti cha msikiti bila kupumua. Jina la Huwaida lilitoka wazi, bila kosa.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanamkisi. "Hajamwoza Waziri."