Ufunguo wa Pili

Saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye maegesho ya maduka, mdomo wazi, rimoti ya gari nimeibandika kidevuni, nabonyeza. Dereva mwenzangu aliwahi kuniambia mpakani kwamba kichwa cha mtu huiongezea rimoti nguvu. Nilibonyeza kama mara ishirini. Kisha kioo cha gari nililolielekea kikashuka polepole, na mama aliyekuwa ndani akinywa soda akaniuliza kwa huruma, "Baba, hilo jino limeanza lini?"

Halikuwa gari letu. Letu lilikuwa safu ya nyuma, rangi hiyohiyo ya majivu, wala halikuwa na habari na mimi.

Kuchekwa nimezoea. Nimeendesha malori miaka ishirini na sita, nimelala chini ya injini katika nchi ambazo hata salamu zao sikuzielewa, na hapa nimeshindwa na betri ya ukubwa wa kifungo cha shati. Kabla sijaibadilisha, rimoti ilikuwa inashika mara moja moja. Nilipoibadilisha, ikafa. Nikafungua mlango kwa chuma cha ufunguo cha rimoti hiyohiyo, na king'ora kikaanza kulia.

Gari lilikuwa la marehemu mdogo wangu. King'ora alikifunga mwenyewe, na alipokuwa hai funguo zote mbili zilikaa mikononi mwake. Sasa lilikuwa la mkewe, shemeji yangu. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi mji mwingine, safari ya saa saba, na Jumatatu alitakiwa kuripoti. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa tangu wiki iliyopita. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno "yangu": kazi yangu, chumba changu. Nami nikamwambia, "Shem, niachie hiyo rimoti, ni jambo la dakika mbili."

Pembeni ya maegesho kuna kibanda cha fundi funguo, mwanamke mnene asiyecheka, watu wanamwita Mama Funguo. Akaipokea rimoti, akaifungua, akainusa.

"Betri umeiweka sawa. Gari ndilo limeisahau. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Ulete wa pili."

Hapo nikakuna kichwa. Mdogo wangu nilimvalisha mimi siku ya maziko. Tai niliinyoosha, viatu nikavifuta, hata nywele za sikioni nilimpunguza. Mfuko wa koti sikuupekua. Tulipotafuta ufunguo wa pili, tayari tulikuwa tumetoka makaburini. Miezi minane nimekuwa nikiwasimulia watu kisa hicho, na wote wanacheka. Mama Funguo hakucheka.

"Basi fanya hivi," akasema. "Funga milango yote. Washa swichi na kuzima mara tano, injini usiiwashe. Gari litafungua daftari. Bonyeza rimoti. Kila ufunguo unaojitambulisha, loki zinaitika mara moja, tak. Baada ya sekunde kumi daftari linafungwa. Ambao haukuwepo, gari halitaujua tena."

"Kwa hiyo ule wa marehemu utafutika."

"Kama haupo."

Niliendesha hadi kwa shemeji king'ora kikilia njia nzima. Watu walinipisha kama nimebeba mgonjwa. Yeye alikuwa langoni, mikono masikioni, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka siku nyingi.

Tukaingia garini wote wawili, mimi kwenye usukani, yeye pembeni. Tukafunga milango. Jua lilikuwa kali, uani hakuna mtu. Barazani kulikuwa na kiti cha plastiki cha mdogo wangu, pale alipopenda kukaa jioni akiangalia gari lake.

Nikawasha na kuzima mara tano. Nikabonyeza.

Tak.

King'ora kikanyamaza. "Umeona?" nikasema. "Shemeji yako ni injinia, ila cheti tu ndicho—"

Tak.

Nikautazama mkono wangu. Labda kidole kimeteleza. Nikarudia tangu mwanzo, nikahesabu kwa sauti. Nikabonyeza mara moja tu, nikaiweka rimoti juu ya dashibodi.

Tak.

Kimya. Moja, mbili, tatu, nne.

Tak.

Mara ya tatu sikubonyeza. Niliwasha na kuzima, nikairudisha rimoti juu ya dashibodi, kisha nikainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa. Tukangoja. Jasho lilinitiririka mgongoni.

Tak.

Mara moja. Ule wa marehemu peke yake.

"Shem," shemeji akanong'ona. Alikuwa anakitazama kile kiti. "Alikuwa anafanya hivyo."

"Anafanya nini?"

"Nikichelewa kurudi, alikuwa ananifungia humu. Anakaa pale na ufunguo. Anabonyeza kila baada ya muda, nijue hajalala." Akanigeukia. "Nilikwambia. Kwenye harusi ya binamu yenu."

Nilikumbuka. Alinivuta pembeni akaniambia, nami nikarudi mezani nikatangaza eti mdogo wangu ni mlinzi hodari, anafunga hadi mke. Meza nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, au ndivyo nilivyotaka kuona.

Nikamwambia tutoke. Nilitangulia mimi, mlango ukafunguka bila shida. Ukajifunga nyuma yangu.

Tak.

Akavuta kitasa. Hakikusogea. Nikavuta cha nje. Vivyo hivyo. Rimoti ilikuwa juu ya dashibodi. Aliibonyeza, akaibonyeza tena. Akauchomeka ufunguo kwenye swichi, akauzungusha, ajaribu vioo. Havikushuka. Nikamwashiria avute waya wa boneti. Akavuta. Nikakimbilia mbele, nikang'oa waya za betri kwa mikono, zote mbili. Gari likawa chuma kitupu. Halikuwa na umeme wa kuwasha hata taa ya ndani.

Tak.

Tak.

Nikaokota tofali.

Alitoka kupitia dirisha la nyuma, mikono inachuruzika damu, na hakulia. Nilimwambia aache gari, aende na basi, mizigo nitampelekea mwenyewe hata kwa kuibeba kichwani. Akachukua mkoba wake. Akatembea hadi langoni, akashika komeo.

Tak, nyuma yetu. Kutoka kwenye gari lisilo na betri.

Aliachia komeo.

"Si gari linalonifunga, Shem," akasema, kwa sauti ya mtu anayekueleza mahali pa sukari. Akaingia ndani. Nikasikia zipu za mabegi zikifunguliwa, moja baada ya nyingine. Nikasikia mahanga ya nguo yakirudishwa kabatini.

Nilipanda barazani nimfuate. Ndipo nikaona kitu kwenye kiti.

Ufunguo ulikuwa umelala katikati ya kalio la kiti, na utepe mweusi alioufunga mdogo wangu kwenye shingo ya ufunguo huo ili asiuchanganye na mwingine. Udongo ulikuwa umejaa kwenye meno yake. Udongo mbichi. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu.

Jumatatu alipiga simu kazini akasema amepata dharura ya kifamilia. Jumanne sijui alisema nini. Siku hizi ikifika jioni anatoka, anakaa garini kwenye kiti cha pembeni, dirisha lilelile limevunjika, na hatoki hadi loki zilie. Nikimpelekea utani ananisikiliza kwa adabu.

Mimi nilizichukua funguo zote mbili hadi kwa Mama Funguo. Nikamwomba aufute ule wa utepe, kwa mashine, kwa nyundo, kwa njia yoyote anayoijua. Akaupasua kwa ncha ya bisibisi. Ndani hakukuwa na betri. Kulikuwa na udongo umeshindiliwa, na uzi wa kijivu wa koti ambalo mimi mwenyewe nililipiga pasi.

Akautazama kwa muda. Akaufunga, akaurudisha kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Haufutiki, huu. Gari linaujua."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Ungempekua," akasema, akateremsha dirisha la kibanda.