Nyota Tano za Msiba

Jumamosi hiyo soko la Galway, Ayalandi, lilifurika watu, na mvua haijaamua kama inanyesha au inatania. Fiachra Gilhooly, mtengeneza filamu asiyejulikana na mtu, alirudi kinyumenyume na sahani yake ya chaza, akamkanyaga msichana mwenye koti la njano.

"Macho umeyaacha nyumbani?"

"Nimeyaacha kwako tangu ulipoingia sokoni."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Lakini Sorcha Mannion alicheka, kicheko kikubwa hadi muuza jibini akageuka. Fiachra akafa akaoza palepale.

Mapenzi yakanoga. Jumapili moja, wamejikunyata kwenye kochi, Sorcha akamsimulia msiba wa babake. Marehemu alilazwa sebuleni, majirani wakipita na sandwichi zao, na shangazi akamvika miwani. Kesho yake kanisani, mama alisimama kusoma somo na kugundua kwamba miwani yake imo jenezani. Aliyovaa ni ya mumewe.

"Haoni hata herufi moja! Akabwabwaja lolote. Sisi nyuma tumeziba midomo, mbavu hatuna. Usimwambie mtu, mpenzi. Mama anaona haya mpaka leo."

"Nimwambie nani mimi?"

Akaiambia nchi nzima: msiba ule akaugeuza filamu ya kuchekesha. Magazeti ya Dublin yaliipa filamu yake nyota tano. Wahakiki wa London wakaandika kwamba kuchekesha msibani namna ile ni Waayalandi pekee wanaoweza. Kila sifa ilipokuja, Fiachra alitaka kumwambia Sorcha ukweli, na kila sifa ilimfunga mdomo zaidi.

Sorcha alikwenda kuitazama na mamake, Nóra, aliyevaa kofia yake ya kanisani. Mjane wa kwenye filamu alipofungua kitabu na kuanza kupapasa maneno, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nóra alivua miwani taratibu, akaitia mkobani, akabaki kutazama magoti yake.

Fiachra alimpigia Sorcha simu kutwa, wiki baada ya wiki. Mwishowe ikapokelewa.

"Sorcha, kipenzi, niliiba. Nitukane, lakini usinyamaze."

"Uliiba, ndiyo, na sijakusamehe. Lakini... Fiachra, nilicheka. Mama alikuwa kando yangu ukumbini, nami nilicheka kuliko wote. Tangu siku ile sijamtazama usoni."

"Basi twende. Tukaaibike wote wawili."

Nóra aliwapokea jikoni kwake mjini Athenry, akawamiminia chai bila kuuliza kitu. Fiachra hakuigusa.

"Mama, nimekukosea. Nimejijengea jina kwa fedheha yako."

"Umejijengea." Alikoroga chai yake. "Yule mama wa filamu ulimpa maneno gani kanisani?"

"Upuuzi tu, mama. Wa kuchekesha."

"Mimi sikusema upuuzi. Nilipoona sioni kitu, nilimwambia mume wangu Máirtín, pale jenezani, kwamba nampenda. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumtamkia, naye hakuwahi. Nikamwambia mbele ya padri na watu wote." Akamtazama binti yake. "Hamkusikia. Mlikuwa mnacheka."

Sorcha alijifunika uso, machozi yakamchuruzika vidoleni. Fiachra akainuka, uso unamwaka, akatafuta koti lake. Hakuona haki ya kubaki.

"Unakwenda wapi?" Nóra aliuliza. "Keti. Kama unamtaka binti yangu, mwambie sasa, angali hai na anakusikia."

Fiachra akaketi. Akageuka kwa Sorcha, na akamwambia.