Gari Limelala, Veijo Anasoma

Veijo alizimia ndani ya gari lililosimama. Gari lilikuwa lake, banda lilikuwa lake, na injini ilikuwa inanguruma.

Ilikuwa Jumapili, mwanzo wa Desemba. Kijijini Kuusijoki wenye magari ya zamani huyalaza bandani baridi ikianza, maana barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hula bodi. Veijo alilaza lake la mwaka 1972, la rangi ya chungwa, akalifunika kwa blanketi mbili. Lakini kuliacha hakuweza. Kila Jumapili akitoka sauna, chumba cha kuogea mvuke, alijifunga taulo kubwa, akaingia bandani, akafunga mlango ili joto lisitoke, akawasha. Alikaa robo saa akisikiliza. Jumapili hiyo alikaa zaidi.

Mkewe, Raili, alikwenda kumwita kahawa akamkuta kalalia usukani. Alizima injini, akamshika kwapani, akamburuta hadi kwenye theluji. Veijo alipofumbua macho, aliuliza kama gari limezimika lenyewe. Hapo Raili akajua kichwa chake bado kizima.

Hospitalini daktari aliwaeleza bila kupamba. Moshi wa gari una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya banda inaua kabla mtu hajashtuka. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, usingizi unakuja, basi. Kuacha mlango wazi nusu hakusaidii. Injini iwashwe nje.

Veijo aliahidi. Raili hakungoja kuiona ahadi. Alichukua spana, akafungua betri, akaipeleka kwa dada yake.

"Nirudishie betri yangu," Veijo alisema.

"Mwezi wa tano."

"Sasa miezi mitano yote nifanye nini?"

"Kufa hapana. Mengine chagua mwenyewe."

Veijo alichagua kumsumbua mkewe. Alipanga vijiko vyake kwa urefu. Alimfundisha kukaanga samaki, yeye ambaye hajawahi kukaanga hata yai. Wiki ya tatu Raili alimkuta bandani, funguo mkononi, akipiga hesabu ya kuazima betri ya trekta kwa jirani. Raili hakupaza sauti. Alimwambia kwamba mgongo wake hauwezi kumburuta mara ya pili. Akiwasha tena humo ndani, yeye atahamia kwa dada yake.

Jumatano lilikuja basi la maktaba, lile linalozungusha vitabu vya kuazima vijijini. Kwa miaka ishirini lilikuwa likisimama mbele ya nyumba yao, na Veijo hakuwahi kulipanda. Alisema ni la watoto na vibibi. Siku hiyo alisikia injini yake, akavaa buti, akapanda. Outi, mwanamke aliyekuwa dereva na mkutubi kwa pamoja, alishangaa kumwona.

"Mkanda wako wa feni umelegea," Veijo alisema. "Unalia kama nguruwe."

"Najua tangu juzi. Unaweza kuukaza?"

Ilimchukua dakika kumi. Outi alimmiminia kahawa, na Veijo akajikuta anasimulia yote, mpaka ile taulo. Outi alikuwa anajua magari. Alimwambia kuwasha kwa dakika chache hakulisaidii gari. Injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, na kutu inaanzia ndani.

"Gari lililolala liache lilale," alisema. "Anayekosa usingizi ni wewe."

Akampa riwaya tatu. Moja ilikuwa ya mwanamke anayeendesha lori la maziwa juu ya ziwa lililoganda, barafu ikianza kulegea. Ya pili, ndugu wawili wanaotengeneza gari la mashindano huku hawasemeshani. Ya tatu, mjane anayeunga gari ambalo marehemu aliliacha vipande vipande.

Veijo alisema yeye si msomaji, aliacha shule mapema. Outi akamwambia asome kurasa kumi kwa siku, kwa sauti akipenda. Kitabu kikimchosha hadi ukurasa wa thelathini, akirudishe, achukue kingine. Mtihani hakuna.

Jioni hiyo alisoma jikoni, kidole chini ya mstari. Gia zilipobadilishwa, alitoa mlio wake kwa mdomo. Raili akaweka sindano za kufumia mezani. Barafu ilipopasuka chini ya lori, mguu wa kulia wa Veijo ulikanyaga breki chini ya meza, ukamkanyaga Raili.

"Endelea," Raili alisema huku anasugua kidole cha mguu. "Kavuka?"

Kurasa kumi zikawa arobaini.

Kitabu cha pili kilileta ugomvi. Kaka mkubwa alivuta choki, ile ya kuwashia injini baridi, wakati injini ina moto, na Veijo hakuweza kunyamaza. Alichukua kalamu ya wino akaandika pembeni: "Uongo. Injini ya moto haitaki choki." Mpaka mwisho alikuwa amesahihisha mahali kumi na moja. Outi alipokifungua, alimtazama.

"Veijo, hiki ni kitabu cha watu."

"Ndiyo maana. Watu wasidanganywe."

Outi alicheka hadi akakaa kwenye ngazi ya basi. Lakini sheria ni sheria. Kitabu kilipiwe, na Veijo akichukue kiwe chake. Kisha akamfungulia daftari na kulitundika karibu na mlango: kila riwaya ya magari, Veijo aandike humo ni nzuri kwa lipi na imekosea wapi. Wanaume ambao zamani walipunga mkono tu wakaanza kupanda ili walisome, kisha wabishe. Mwezi wa tatu riwaya ya lori la maziwa ilikuwa na foleni ya watu tisa wanaotaka kuiazima.

Mwezi wa tano Raili alirudisha betri, na wote wawili wakalisukuma gari hadi uani. Lilishika mara ya tatu. Moshi ukaenda zake shambani, na Raili akaingia mbele, akafunga mkanda.

Baridi hiyo iligharimu usiku mmoja hospitalini, siku nne za kichwa kuuma, kidole kimoja cha Raili kilichovimba, na euro ishirini na mbili za kitabu kilichoandikwa wino. Riwaya nyingine kumi na tatu alizosoma aliziazima bila kulipa.