Kibuyu cha Biasha na Kisima cha Mkokoni

Mkokoni ulikuwa mji mdogo wa kiwanda, kwenye vijito vya Rufiji, upande wa Mbwera. Kulipopambazuka, msumeno wa mvuke ulianza kulia, na wanaume wakaenda kupasua magogo ya mikoko. Magome yalibanduliwa na kuwekwa kando yakisubiri meli, maana Ulaya yalitumika kutengenezea ngozi. Wanawake walilima mpunga na kusuka mikeka. Lakini mwenye cheo na asiye na cheo, wote walikunywa maji ya kisima kimoja.

Kati ya wasuka mikeka alikuwamo Mwamvua. Mwanamke huyu hakuchoka kuuliza. Kwa nini kaa anatembea upande? Kwa nini maji ya kijito yana chumvi leo, na kesho hayana? Mumewe Tamimu, aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa akimtania.

"Wee Mwamvua, ukifika kaburini utawauliza maswali malaika Munkari na Nakiri kabla hawajakuuliza wao."

"Na wasiponijibu nitawauliza tena," alisema Mwamvua.

Mwaka ule vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka huko milimani, Umatumbi. Watu walichoka kulimishwa pamba ya Wajerumani kwa nguvu. Walipewa maji ya dawa, wakaambiwa wakiyanywa na kujipaka, risasi hazitawadhuru. Wajerumani wakajibu kwa bunduki na moto. Vijiji vilichomwa, na maghala ya nafaka yakachomwa pia. Waliopona walikimbilia bondeni.

Ndivyo Biasha alivyofika Mkokoni. Alikuwa mke wa kaka yake Mwamvua, na huyo kaka hakujulikana yuko wapi. Alikuja na watoto wawili, nguo aliyojifunga, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta. Kibuyu hicho hakukiweka chini. Alipika nacho ubavuni, akaenda nacho kisimani, akalala nacho.

"Wifi, mna nini humo?" aliuliza Mwamvua.

"Mna changu," alisema Biasha, akageuza uso.

Mwamvua alitamani kuuliza tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaliacha swali.

Mvua za vuli zilipoanza, maji ya kisima yakabadilika. Yakawa mekundu na machungu. Baada ya siku chache watoto wakaanza kuumwa tumbo na kuendesha. Mtoto wa Mussa, mnyapara wa kiwanda, alizidiwa kuliko wote.

Mussa hakuwa mtu mbaya. Lakini baba akiona macho ya mwanawe yamezama, hutafuta wa kumlaumu. Alisimama kisimani mbele ya watu akasema, "Yule mwanamke wa milimani ana kibuyu. Kila akija kuteka maji anakuja nacho. Ni ile dawa ya waasi, ameimwaga humu."

"Umemwona akimwaga?" aliuliza Mwamvua.

"Lisemwalo lipo. Askari wakija na mashua yao, nitamkabidhi kwao. Wao wanajua la kumfanya."

Watu wote walijua la kumfanya. Miezi ile, aliyekutwa na maji ya dawa alinyongwa na Wajerumani. Biasha alisikia maneno hayo, akawavuta wanawe wawili karibu yake.

Jumbe wa mji, Mwinyimvua, akaingilia kati. "Hakuna mtu wa mji huu atakayepelekwa bomani kabla hatujamsikiliza barazani. Jambo la kisima ni la wote, na litasemwa mbele ya wote. Tukutane Ijumaa baada ya sala. Mwenye la kusema aje nalo, na aje na ushahidi."

Mwamvua alirudi nyumbani na mtungi wa yale maji mekundu. Aliketi akayatazama. Rangi ile aliijua, lakini aliijua wapi? Akachukua ukindu mweupe wa mkeka, akauchovya ndani, akauacha. Alipoutoa baadaye, ukindu ulikuwa umekolea wekundu.

Mwamvua akacheka peke yake. Kila msuka mikeka wa pwani ile hutia ukindu rangi kwa kuchemsha magome ya mikoko. Alikuwa akiiona rangi hiyo kwenye vidole vyake tangu utoto, na hakuitambua kisimani.

Alipanda mteremko ulio juu ya kisima. Kule alikuta rundo la magome, refu kuliko nyumba. Zamani magome yaliwekwa chini, kwenye gati. Lakini kwa sababu ya vita meli hazikuja, gati likajaa, na Mussa akaamuru yapelekwe juu. Mvua ilinyesha juu ya rundo. Maji mekundu yalitoka chini yake, yakachora kijia udongoni, yakateremka hadi kwenye mdomo wa kisima.

Nyuma ya rundo aliona jambo jingine, akaziba pua.

Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, Mwanawetu, mkunga wa mji.

"Shangazi, magome ya mikoko yanaumiza tumbo?"

"Hata kidogo," alisema Mwanawetu. "Mie huyachemsha nikampa mtu anayeendesha, apate nafuu."

Mwamvua akavunjika moyo. "Basi si magome yanayowaumiza watoto."

"Hebu tulia. Huko juu umeona magome tu?"

"Nimeona na... Shangazi, watu wanajisaidia nyuma ya rundo. Pamejaa. Wenyeji na wageni, wote wanajificha palepale."

"Enhe. Sasa sikiliza. Rangi unaiona kwa macho, uchafu huuoni. Lakini ukiona rangi imefika kisimani, jua uchafu nao umefika. Njia yao ni moja. Mie nimezalisha watoto wa mji huu wengi, na mtoto mchanga simpi maji yasiyochemshwa. Kwa nini yanayochemshwa hayamuumizi, sijui. Ninachojua ni kwamba hayamuumizi. Na huyo wa Mussa, nakwenda kwake sasa hivi. Atapewa maji yaliyochemka na uji mwepesi wenye chumvi kidogo, anywe mara kwa mara, hata kama anaendesha."

Jioni Mwamvua alimweleza mumewe. Tamimu aliweka chini kipande cha samaki.

"Mke wangu, Mussa ndiye anayeniandika kazini. Ukisema rundo lake ndilo lililoharibu kisima, kesho nitafanya kazi gani?"

"Na wifi yangu akinyongwa, nitamwambia nini kaka yangu akirudi?"

Tamimu alisukuma sahani kando. Kisha akasema, "Sitakuzuia. Lakini usimtukane. Mwonyeshe tu."

Ijumaa, baraza la jumbe lilijaa hadi watu wakasimama uani. Mussa alisema ya kwake, na wengi waliitikia. Biasha alikaa pembeni, kibuyu mapajani. Mwamvua akaomba ruhusa ya kusema.

"Sema, mwanangu," alisema jumbe.

"Jumbe, mie siwezi kusema vizuri kama Mussa. Naomba tu mji wote utembee nami mpaka kule juu."

Watu wakaguna, lakini wakaenda. Mwamvua alikuwa amebeba kikapu cha pumba za mpunga. Alizimwaga pumba nyuma ya rundo, palepale penye harufu. Kisha akamwomba Tamimu amwage maji juu yake, mtungi baada ya mtungi. Pumba zikaelea. Zikapita chini ya magome, zikaingia kwenye kile kijia chekundu, zikateremka. Watu walizifuata kwa macho, kisha kwa miguu. Walipofika kisimani walizikuta pumba zinaelea juu ya maji.

Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichokunywa asubuhi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema jumbe.

Mussa akakaza sauti. "Pumba nimeziona. Na kibuyu je? Mbona hakifunguliwi?"

Biasha akasimama. Alibandua nta mwenyewe, akainamisha kibuyu kiganjani. Hakikutoa hata tone. Ulitoka mtama.

"Ni mbegu," alisema Biasha. "Ghala letu lilipochomwa, niliokoa hizi. Wanangu walilia njaa njiani, nami sikukifungua. Mbegu ikionekana wakati wa njaa, huliwa. Ndiyo sababu nimenyamaza."

Mwamvua akalia waziwazi, wala hakujificha. Mussa aliutazama ule mtama, kisha akatazama mteremko.

"Magome ni mie niliyeamuru yawekwe pale," alisema. "Nilidhani nachagua mahali pakavu. Mwanangu anaumwa kwa amri yangu, na mie nilitaka kumnyongesha mtu. Nisamehe, mama."

"Mwanao akipona, nitakusamehe," alisema Biasha.

Jumbe hakuliachia jambo hapo. Alisema kusikitika hakusafishi kisima. Siku ileile baraza liliamua, na kila mtu aliulizwa, wageni pamoja na wenyeji. Magome yateremshwe, yakae mbali, upande wa chini wa kisima. Vyoo vichimbwe hukohuko chini, maji yake yasifike kisimani. Kisima kitekwe chote, kisafishwe, na mdomo wake uinuliwe kwa mbao za kiwanda. Hapo Mussa alisema mbao atazitoa yeye. Na kila nyumba ichemshe maji ya kunywa. Kisha walichaguliwa walinzi wa kisima, wanawake na wanaume. Mwanawetu alimtaja Biasha kwanza.

"Mgeni?" aliuliza mmoja.

"Aliyelinda kibuyu safari nzima ile atashindwa kulinda kisima?" alijibu Mwanawetu.

Maji yakarudi kuwa meupe. Mtoto wa Mussa akapona, akaanza tena kukimbiza kuku wa watu. Tamimu hakufukuzwa kazi. Biasha alipewa shamba kwenye ardhi ya juu, akapanda mtama wake.

Njaa ya vita ilipofika bondeni, mtama wa Biasha ulikuwa umekomaa. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwepo. Asubuhi moja mtu alipiga hodi uani. Alikuwa Mussa, ameshika kibuyu kitupu kwa mikono miwili.

"Mama Biasha," alisema, "naomba mbegu kidogo. Nami nataka kupanda."

Biasha alikichukua kibuyu akakijaza taratibu. Akakiziba kwa nta, akakirudisha mikononi mwa Mussa.

"Kishike vizuri," alisema. "Na wakikuuliza mna nini, waambie."