Wakesho Atafuta Neno Lenye X

Huyu hapa ni Wakesho. Ana miaka saba, na meno ya mbele hana.

Mama yake anauza nguo za mitumba sokoni, mjini Voi. Wakesho akitoka shule hukaa naye hapo mpaka soko lifungwe.

Darasani mwao kuna kamba ndefu, kutoka dirishani hadi mlangoni. Kwenye kamba yananing'inia maneno ya Kiingereza. Kila mtoto ana neno lake pale.

Wakesho bado hana.

Siku moja zamu yake ikafika. Mwalimu Mshila akatikisa kopo la vifuniko vya soda. Chaka-chaka, chaka-chaka. Kila kifuniko kimeandikwa herufi moja.

Wakesho akafumba macho, akachota kimoja. Akafumbua macho.

X.

Mwalimu akamwambia alete kesho neno la Kiingereza lenye herufi hiyo. Asiulize mtu. Alitafute mwenyewe, mahali lilipoandikwa.

Rafiki yake Kalimbo akachungulia. "Pole," akasema. "Hiyo haimo hata kwenye jina la mtu. Mimi nilipata B, nikamaliza kabla ya uji."

Wakesho akatia kifuniko mfukoni. Njiani akasoma kila kitu chenye maandishi. Gunia la mchele. Kopo la rangi. Mlango wa kinyozi.

*Neno, neno, uko wapi?*
*Toka nje nikuone.*

Hakuna X.

Akafika sokoni. Nguo za Mama zilikuwa rundo kubwa, na nyingi zina maneno kifuani. Wakesho akaingiza mikono yote miwili. Fuku-fuku, fuku-fuku.

Fulana ya bluu ina maneno. Haina X. Fulana ya kijani ina maneno mengi zaidi. Haina X.

*Neno, neno, uko wapi?*
*Toka nje nikuone.*

Chini kabisa kulikuwa na fulana ndogo, nyekundu. Ilikuwa na picha ya mnyama mwenye mkia mnene kama ufagio. Chini ya mnyama kuna neno. Na mwisho wa neno, X!

Papo hapo Mama akamwita, akamwomba maji ya kunywa. Wakesho akaenda mbio. Akarudi mbio.

Fulana haipo.

"Imeuzwa, mwanangu," Mama akasema. "Ameichukua Mama Mwakio. Mtoto wake alijimwagia uji, akamvalisha hapa hapa."

Wakesho akafumba macho ili akumbuke. Akaiona X peke yake. Herufi nyingine zilikuwa zimeondoka na fulana.

Mama Mwakio aliuza maharagwe, mwisho wa safu. Wakesho akamwamkia, akamweleza shida yake.

Mama Mwakio akageuka, akamwonyesha mgongo. Mtoto Mwakio alikuwa amefungwa kwa leso, kifua chake kimebanwa mgongoni mwa mama yake. Amelala fofofo.

"Neno lako liko hapo katikati," Mama Mwakio akasema. "Lakini ukimwamsha, utambembeleza wewe."

Wakesho akatazama jua. Lilikuwa limeshuka. Soko likifungwa, Mama Mwakio ataenda kwake, mbali, ng'ambo ya reli. Na neno litaenda naye.

Wakesho hakumwamsha mtoto. Akakaa juu ya gunia.

*Neno, neno, uko wapi?* akanong'ona.

Khoo... fyuu, akajibu Mwakio.

Nzi akaja. Wakesho akamfukuza. Akachambua maharagwe, mazuri huku, mabovu kule.

*Neno, neno, uko wapi?*

Khoo... fyuu.

Watu wakaanza kufunga vibanda. Kule mbali Mama akaita kwamba ni saa ya kwenda. Wakesho akaomba angojwe kidogo. Kidogo tu.

Chwii.

Mwakio amepiga chafya. Akafungua jicho moja. Akafungua la pili.

Mama Mwakio akafungua leso, akamketisha juu ya gunia. Wakesho akainama asome. Lo, Mwakio amejikumbatia kifua, na mikono haitoi.

Wakamwomba kwa upole. Hakutoa. Wakamwonyesha harage. Hakutoa.

Basi Wakesho akapiga makofi. Pa, pa, pa.

Mwakio akamtazama. Akaliona pengo la meno, akacheka. Akainua mikono yake minene, naye apige. Pa, pa, pa.

F. O. X.

Wakesho akaokota kipande cha katoni na kijiti cha makaa. Akaandika herufi zote tatu, kubwa kubwa.

Asubuhi akasimama mbele ya darasa. "Fox," akasoma.

Mwalimu Mshila akawaeleza watoto kwamba ni mnyama, jamaa ya mbweha wetu. Kisha akachukua kibanio cha nguo, akaibana katoni kwenye kamba, karibu na dirisha. Upepo ukaibembeza.

Kalimbo akauliza neno hilo lilikuwa wapi.

"Lilikuwa limelala," Wakesho akasema. "Nikalisubiri."

Usiku ule Wakesho alijifunika shuka mpaka kidevuni. Mama alikuwa karibu yake, akikunja nguo. Akataka kujua neno lenyewe linatamkwaje.

Wakesho akamfundisha.

"Foksi," Mama akajaribu. Akajaribu tena, polepole, na tena, mpaka likakaa vizuri mdomoni. Kisha akageuka aulize kama amepata.

Mwalimu wake alikuwa ameshalala.